Kujenga Biashara Inayotatua Tatizo la Mazingira: Mwongozo Kuanzia Mizani hadi Mteja

Mtu anayeuza viatu ana jambo moja linalomrahisishia kazi: anayekivaa kiatu ndiye anayekilipia, na kikimbana atarudi kesho yake kulalamika. Mjasiriamali anayeshughulikia mazingira hana urahisi huo. Akizuia taka zisiingie mtoni, wanaonufaika ni watu wa chini ya mkondo ambao hawajapata hata kulisikia jina la kampuni yake, na mto wenyewe haulipi ankara. Pengo hilo kati ya anayenufaika na anayelipa huziangusha biashara za aina hii hata zinapokuwa na teknolojia nzuri na waanzilishi wenye nia njema, na hatua zinazofuata zimepangwa ili mtu alikabili mapema, kabla fedha hazijazama katika mashine. Nimezirefusha zile ambazo makosa yake hugharimu zaidi na kuzifupisha nyingine.

Hatua ya kwanza: Litaje tatizo hadi liweze kushikika mkononi

Neno “plastiki” halitoshi kuanzishia biashara. Ni jina la ukoo mzima wa vitu ambavyo havichanganyiki, havina bei moja, wala haviyeyuki katika joto moja. Namba iliyo ndani ya alama ya pembetatu chini ya chombo hutaja aina yake: 1 ni PET ya chupa za vinywaji, 2 ni HDPE ya madumu na chupa za sabuni, 3 ni PVC ya mabomba, 4 ni LDPE ya mifuko laini, 5 ni PP ya ndoo, kamba na vifuniko, 6 ni polistirini ya vyombo vyepesi vya chakula, na 7 ni kapu la zote zilizobaki. HDPE huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi za Selsiasi, PP kwenye 160 hivi, na PET kwenye 250 hivi. PVC huanza kuvunjika kikemia kabla ya PET kuyeyuka na kutoa asidi ya hidrokloriki, kwa hiyo vipande vichache tu vyake vikijipenyeza katika shehena ya chupa huweza kuiharibu shehena nzima.

Namba hizo mara nyingi zimefutika au hazikuwekwa, na hapo ndoo ya maji husaidia kuliko kitabu. Kata vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, viloweshe, tia tone la sabuni ndani ya maji ili viputo vya hewa visivibebe, kisha vizamishe kwa kidole na uviachie. Kifuniko cha chupa kitaibuka, kwa kuwa PP na HDPE ni nyepesi kuliko maji. Kipande cha chupa yenyewe kitatulia chini, kwa kuwa PET ni nzito kuliko maji. Ukiongeza chumvi nyingi hadi ikatae kuyeyuka, polistirini nayo itapanda juu, huku PET na PVC zikibaki chini. Zoezi hili la dakika kumi humfundisha mtu kwa nini viwanda vya urejelezaji vina matangi makubwa ya maji, na kwa nini kutenganisha kifuniko na chupa si usumbufu wa bure bali ni sehemu ya bidhaa anayoiuza.

Nzambi Matee, mhandisi wa vifaa kutoka Kenya aliyeanzisha kampuni ya Gjenge Makers jijini Nairobi na kutunukiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwaka 2020, hutengeneza vipande vya kutandika njiani kwa kuchanganya mchanga na plastiki iliyotupwa. Anayesikia habari hiyo kwa haraka hudhani kwamba kila plastiki inafaa. Sivyo: kazi yake ilijengwa juu ya HDPE, LDPE na PP, na PET haikuwamo. Mtu anayetaka kuiga wazo kama hilo mahali ambapo sehemu kubwa ya taka ni chupa za maji atakuwa amekosea kabla hajanunua hata koleo.

Kanuni hiyo inahusu pia taka zinazooza. Mchanganyiko wa kutengenezea mboji unahitaji takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi katika vitu vikavu kama majani makavu, kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, iliyo nyingi katika vitu vibichi kama maganda ya mboga, na unyevu wa kutosha bila kuzidi. Wenye uzoefu huupima kwa kiganja: chukua konzi, kamua kwa nguvu, na yakichuruzika matone machache tu kati ya vidole, unyevu uko sawa; yakimwagika, ongeza vitu vikavu, na lisipotoka tone lolote na konzi likavunjika, ongeza maji. Taka zilizolowa kupita kiasi hukosa hewa, hunuka, na hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto angahewa takribani mara 28 zaidi ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Biashara ya mboji isiyosimamiwa vizuri inaweza hivyo kuzalisha tatizo lilelile ililoundwa kulitatua.

Mwishoni mwa hatua hii uwe umeandika sentensi moja inayosema ni kitu gani hasa, kinatoka wapi, kiasi gani, kila baada ya muda gani, na kwa sasa kinaishia wapi. Ikiwa sentensi hiyo bado ina maneno kama “uchafuzi” au “tabianchi” pekee, rudi nyuma. Bado hujalitaja tatizo.

Hatua ya pili: Pima kwa mizani, si kwa macho

Takwimu za taifa zima hazikusaidii kujua kama jengo moja, soko moja au kiwanda kimoja kitakupa malighafi ya kutosha Jumatatu na Alhamisi. Nenda na mizani. Pima kila siku kwa muda usiopungua wiki nne mfululizo, ukiandika tarehe, chanzo, uzito wa jumla, na uzito unaobaki baada ya kusafisha. Kama malighafi yako hubadilika kwa misimu, mwezi mmoja hautoshi, nawe itakubidi urudie kipimo katika msimu wa mvua na wa kiangazi, au likizo na wakati wa kazi.

Safu ya mwisho ya daftari hilo, ile ya uzito unaobaki, ndiyo wengi huisahau. Tuseme umenunua kilo 100 za chupa. Baadhi zina mabaki ya kinywaji ndani, nyingine zimejaa mchanga. Kisha kuna vifuniko, lebo, na chupa chache za aina tofauti ambazo hazina budi kutupwa. Baada ya kazi hiyo yote mizani inasoma kilo 72. Fedha ulizotoa hazikununua kilo 100 za bidhaa. Zilinunua 72, na maana yake ni kwamba gharama ya malighafi kwa kilo inayouzika imepanda kwa karibu asilimia 39 kabla hujalipa umeme, maji wala kibarua. Mtu aliyejaza jedwali lake la hesabu kwa kutumia 100 atajiona ana faida hadi siku mnunuzi atakapopima shehena.

Pima pia ujazo. Chupa tupu zisizobanwa husafirisha hewa, na gari linaweza kujaa likiwa limebeba sehemu ndogo tu ya uzito linaoruhusiwa, ndiyo maana mashine ya kwanza yenye maana kwa wakusanyaji wengi ni ya kugandamiza chupa kuwa marobota, wala si ya kusaga. Kwa taka mbichi hali ni kinyume, kwa sababu huko unasafirisha maji, na dawa yake huwa ni kusogeza uchakataji karibu na chanzo.

Ukiwa katika kupima, utakutana na watu waliokutangulia. Ni nadra taka yenye thamani kukosa mwenyewe. Kuna waokota taka wanaoishi kwayo, na mjasiriamali anayeingia na gari jipya na mkataba wa maandishi anaweza kuwanyang'anya riziki bila hata kujua. Nchini Brazili sheria ya taifa ya taka ngumu ya mwaka 2010 iliwatambua waokota taka na vyama vyao kuwa sehemu ya mfumo. Katika jiji la Pune, India, ushirika wa SWaCH unaomilikiwa na waokota taka wenyewe uliingia mkataba na halmashauri ya jiji mwaka 2008, na wanachama wake hulipwa ada na kaya wanazozihudumia juu ya kile wanachopata kwa kuuza vinavyorejelezeka. Kushirikiana na watu hawa ni haki, na pia ni busara ya kibiashara: wanajua ni mlango upi hutoa nini na saa ngapi, elimu ambayo wewe ungeilipia miaka miwili ya makosa. Walipe siku hiyohiyo kwa mizani wanayoiona, na uwape glavu na viatu kabla ya fulana zenye nembo ya kampuni.

Hatua ya tatu: Mtafute anayelipa, na ujue anailipia nini

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Walipaji wa biashara ya mazingira wako wa aina nne, nao hawafanani kwa uimara.

Wa kwanza ni mwenye tatizo. Kiwanda kinacholipa kila mwezi ili taka zake zichukuliwe tayari kina bajeti ya jambo hilo, na ukimwonyesha mhasibu wake njia ya gharama ndogo au yenye hatari ndogo ya faini, mazungumzo hayatachukua muda mrefu. Muulize akuonyeshe ankara tatu za mwisho. Hizo zitakwambia zaidi ya maneno yake kuhusu anavyoyapenda mazingira.

Wa pili ni mnunuzi wa bidhaa inayotoka upande mwingine. Huyu hununua tofali kwa sababu ni imara, mkaa wa vumbi kwa sababu unawaka kwa muda mrefu bila moshi, taa kwa sababu inaangaza. Kuwa bidhaa rafiki wa mazingira kunaweza kumfanya akuchague wewe pale ambapo bei na ubora vinalingana na vya mwingine, lakini si busara kutegemea kwamba atavumilia bidhaa dhaifu kwa ajili hiyo. Hapa pia namna ya kulipa hubeba uzito. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo ya jua nchini Kenya mwaka 2012, haikubuni paneli. Ilichofanya ni kumruhusu mteja alipe kidogokidogo kila siku kwa simu, kwa mwendo uleule aliouzoea alipokuwa akinunua mafuta ya taa, huku mtambo ukiweza kuzimwa kwa mbali malipo yakikatika. Mteja hakuombwa abadili kipato chake kiwe cha mkupuo.

Kinyume chake kiliikuta kampuni ya mazulia ya Interface ya Marekani. Mwanzilishi wake, Ray Anderson, aliamua mwaka 1994 kuigeuza kampuni hiyo iache kuharibu mazingira, na moja ya mawazo yake mazuri lilikuwa kukodisha zulia badala ya kuliuza, ili vipande vilivyochakaa virudi kiwandani. Wateja waliokubali walikuwa wachache sana. Katika ofisi za wateja hao, fedha za kununua zulia zilitoka katika fungu moja na fedha za kulisafisha na kulitunza katika fungu jingine, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyaunganisha. Wazo lilikuwa sahihi kimazingira, likakwama kwenye meza ya mhasibu. Kampuni yenyewe haikufa. Iliendelea kupunguza madhara yake kwa njia nyingine, ikatangaza mwaka 2019 kwamba imeyafikia malengo iliyojiwekea kwa mwaka 2020.

Mlipaji wa tatu ni sheria. Ujerumani ilipotoa kanuni za vifungashio mwaka 1991, iliwabebesha wazalishaji gharama za kukusanya na kurejeleza vifungashio vyao, na tangu hapo nchi nyingi zimeufuata mfumo huo wa wajibu wa mzalishaji. Kama upo mahali unapofanyia kazi, chunguza ni nani anayekusanya ada hiyo na kwa masharti gani anawalipa warejelezaji, maana inaweza kugeuza bidhaa ya hasara kuwa ya faida. Kumbuka tu kwamba kanuni huandikwa upya.

Wa nne ni mtu wa pembeni asiyehusika moja kwa moja: mfadhili, au mnunuzi wa hati zinazothibitisha kwamba hewa ukaa imepunguzwa. Mimi humweka mwisho kwa makusudi. Hati zilizotolewa chini ya Mfumo wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, kila moja ikiwakilisha tani moja ya kaboni dioksidi, ziliuzwa kwa zaidi ya euro 20 katikati ya mwaka 2008, na kufikia mwisho wa mwaka 2012 zilikuwa zimeanguka hadi chini ya euro 1. Mradi uliotegemea mapato hayo kulipa mishahara haukuwa na pa kukimbilia. Mapato ya hewa ukaa yachukuliwe kama nyongeza juu ya biashara inayosimama yenyewe.

Kipimo cha hatua hii ni rahisi: uwe na majina ya watu watatu waliokwisha kutoa fedha, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya sampuli au huduma ya majaribio. Watu thelathini waliosema wazo ni zuri hawahesabiki.

Hatua ya nne: Fanya kwa mikono kabla ya kununua mashine

Mashine huifanya kazi unayoijua iende kwa kasi, ila haikufundishi kazi usiyoijua. Kabla ya kuagiza mtambo wa kusaga, chambua kwa meza na visu. Kabla ya kujenga mtambo mkubwa wa gesi ya samadi, endesha mdogo uone gesi inavyopungua siku za baridi. Kabla ya kufungua vituo kumi vya kukusanyia, endesha kimoja na ukae hapo mwenyewe. Matee alitumia karibu mwaka mzima katika ua wa nyumba ya mama yake akitafuta uwiano sahihi wa mchanga na plastiki, huku majirani wakilalamikia kelele za mashine. Muda huo unaoonekana kama umepotea ndio uliokuwa mtaji.

Mfano wa upande mwingine ni Better Place, kampuni iliyoanzishwa na Shai Agassi mwaka 2007 kwa lengo la kuwezesha magari ya umeme kubadilishiwa betri vituoni badala ya kusubiri kuchajiwa. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 800, ikajenga mitandao ya vituo nchini Israeli na Denmaki, na mwezi Mei 2013 ikaomba kufilisiwa. Vituo vilifanya kazi. Betri ilibadilishwa kwa dakika chache. Lakini aina ya gari iliyoweza kuvitumia ilikuwa moja tu, Renault Fluence, na mwenye kutaka gari la aina nyingine hakuwa mteja. Jambo hilo lingeweza kugunduliwa kwa vituo viwili na miezi sita.

Wakati wa majaribio weka daftari la makosa, uandike tarehe, hali ya hewa, malighafi, joto, na kilichoharibika. Bidhaa iliyopasuka mpe mnunuzi mmoja mkali aiponde mbele yako. Na kama bidhaa itabeba uzito, itagusa maji ya kunywa au itawashwa moto ndani ya nyumba, ipeleke katika maabara ya shirika la viwango mapema, kwa sababu matokeo mabaya ya maabara ni nafuu kuliko ajali ya mteja mmoja.

Hatua ya tano: Vibali na usalama

Kufanya jambo jema kwa mazingira hakumwondolei mtu sheria za mazingira, aghalabu humwongezea. Kusafirisha taka, kuzihifadhi na kuzichakata huhitaji vibali tofauti, na mitambo ya kiasi fulani hudai tathmini ya athari kwa mazingira. Anza na ofisi inayosimamia mazingira kabla ya kupanga eneo, kwa kuwa kuhamisha mtambo ni ghali kuliko kuuliza. Kuyeyusha plastiki hutoa mvuke unaodhuru mapafu, vumbi la mkaa huweza kulipuka, na shimo la samadi lililofunikwa huweza kumuua anayeingia bila kulipitishia hewa kwanza. Gharama za feni za kutoa hewa, barakoa zenye kichujio sahihi na bima ziwemo katika hesabu ya siku ya kwanza.

Hatua ya sita: Piga hesabu ya mwezi mbaya

Bei ya bidhaa iliyorejelezwa haipangwi na wewe. Plastiki mpya hutokana na mafuta na gesi, hivyo bei ya mafuta ikianguka, kama ilivyotokea mwaka 2020, plastiki mpya huweza kuwa nafuu kuliko ya zamani iliyosafishwa, na wanunuzi huhama bila kuaga. Milango nayo hufungwa ghafla. China, iliyokuwa mnunuzi mkuu wa taka za plastiki na karatasi za dunia, ilitangaza katikati ya mwaka 2017 kwamba kuanzia Januari 2018 haitapokea aina 24 za taka kutoka nje, kisha ikaweka kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5 kwa zile zilizoendelea kuruhusiwa. Waliokuwa na mnunuzi mmoja tu ng'ambo walibaki na maghala yaliyojaa.

Kwa hiyo tengeneza hesabu tatu: bei ya leo, bei iliyopungua kwa theluthi moja, na mwezi ambao mnunuzi mkuu hakununua kabisa. Kama hesabu ya pili inakuua, biashara yako bado ni kamari ya bei, na inahitaji ada ya huduma kutoka kwa mwenye taka ili isiyumbe. Kiwango kile cha asilimia 0.5 kinafundisha jambo jingine pia, kwamba usafi wa bidhaa ndio kinga yako. Mwenye shehena safi hupata mnunuzi hata soko linapodorora.

Kisha angalia mzunguko wa fedha, ambao huua biashara zenye faida. Wakusanyaji wanataka kulipwa jioni ileile. Viwanda vikubwa hulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Ukinunua tani moja kwa siku na mnunuzi akalipa baada ya siku 60, unahitaji fedha za tani 60 zilizokwisha kulipiwa kabla shilingi ya kwanza haijarudi, na kila unapokua pengo hilo hukua pamoja nawe. Jadili muda wa malipo kwa ukali uleule unaojadilia bei. Kupunguza bei kidogo ili ulipwe ndani ya wiki mbili mara nyingi ni biashara nzuri.

Kuhusu mtaji nitasema machache. Ruzuku inafaa kulipia majaribio, kwa sababu majaribio yanaweza kushindwa na hakuna anayepaswa kuyalipia riba. Mkopo unafaa kwa mashine ambayo tayari unajua itazalisha nini. Mwekezaji wa hisa aingie pale unapotaka kukua kwa haraka, na muulize mapema atafanya nini siku faida na lengo la mazingira vitakapovutana. Wapo wanaoliandika jibu katika katiba ya kampuni. Tangu mwaka 2019 sheria ya Ufaransa inaruhusu kampuni kujitambulisha rasmi kuwa na dhamira ya kijamii au kimazingira ambayo mkaguzi wa nje huifuatilia.

Hatua ya saba: Thibitisha manufaa kabla ya kuyatangaza

Chagua vipimo viwili au vitatu visivyobishaniwa: tani zilizozuiwa kufika dampo, lita za maji zilizookolewa, kilowati-saa zilizozalishwa. Kisha toa ulichotumia. Gari linalozunguka kutwa kukusanya kilo chache linaweza kuchoma dizeli yenye madhara makubwa kuliko faida ya kilo hizo, na ukweli huo ni afadhali uugundue mwenyewe kuliko kugunduliwa na mwandishi wa habari.

Jihadhari na maneno. Kifungashio cha plastiki ya mimea aina ya PLA huuzwa kikisemwa kwamba kinaoza, lakini kuoza kwake kwa muda unaofaa kunahitaji mtambo wa mboji wa kiwandani wenye joto la karibu nyuzi 60. Kikitupwa baharini au mtaroni kitakaa muda mrefu. Miongozo ya Tume ya Biashara ya Marekani inataka bidhaa inayoitwa yenye kuoza, bila maelezo mengine, iwe inavunjika kabisa ndani ya mwaka mmoja baada ya kutupwa kwa njia ya kawaida. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 agizo linalozuia madai ya jumla kama “rafiki wa mazingira” yasiyo na ushahidi, la kuanza kutumika Septemba 2026. Hata kama huuzi huko, andika madai yako kana kwamba unauza huko: sema “asilimia 80 ya uzito wa bidhaa hii ni HDPE iliyokusanywa baada ya matumizi”, ikiwa daftari lako la mizani linaonyesha hivyo.

Hatua ya nane: Jiandae kwa siku taka zitakapopungua

Wateja wako wakubwa hawakupendi kama unavyodhani. Wanapenda kutozalisha taka kabisa. Mwaka 1975 kampuni ya 3M ya Marekani ilianzisha mpango wa kuzuia uchafuzi kwenye chanzo kwa hoja kwamba kuzuia kunalipa, na viwanda vingi vimefuata mkondo huo. Katika mji wa Kalundborg, Denmaki, ambako tangu miaka ya 1970 viwanda vimekuwa vikipeana mvuke, maji na mabaki, jasi iliyotokana na usafishaji wa moshi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe ilipelekwa kutengeneza bodi za jasi za kutani. Mpango mzuri sana. Lakini kituo kikiacha makaa ya mawe, jasi nayo hukoma. Mwenye kiwanda kilichotegemea mabaki ya jirani lazima awe na chanzo cha pili.

Katika mkataba wako na mwenye taka, usikubali malipo kwa kilo pekee. Weka ada ya chini ya kila mwezi, taarifa ya miezi mitatu kabla ya badiliko lolote la uzalishaji, na kifungu kinachokulipa sehemu ya akiba inayopatikana taka zinapopungua kutokana na ushauri wako. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda limekuwa likikuza kwa miaka mingi mtindo unaofanana na huo katika kemikali, ambapo muuzaji wa kiyeyusho, yaani kemikali ya kuondolea mafuta na uchafu, halipwi kwa lita alizouza bali kwa idadi ya vipuri vilivyosafishwa, na hivyo naye hupata faida kemikali ikitumika kidogo. Rasimu ya kifungu cha namna hiyo ipelekwe kwa mwanasheria pamoja na daftari la mizani la wiki nne za mwanzo, kwa sababu ndilo litakaloonyesha taka zilikuwa kiasi gani kabla hujaanza kazi.